Kamba ya Bosi

Nambis, Mbulu
19 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta umeamka salama na kifua kimeachia kidogo. Sisi huku tupo, ila ukungu hauondoki, nepi hazikauki, nazianika juu ya jiko. Angela ameota jino la pili na ananing'ata nalo. Renatus anakuulizia, ingawa niseme ukweli, anaanza kumuulizia mbwa wako Bosi halafu ndiyo wewe. Mume wangu Modest anakusalimu. Najua simu huisikii tangu masikio yalivyoharibiwa na lile tope la mlimani lililomchukua Mama, kwa hiyo nitakuwa naandika, na Hasani wa dukani atakuletea kila akija huku kuchukua vitunguu saumu.

Baba, Krismasi nilipokuja kulikuwa na jambo sikulisema mbele ya watu. Bosi amenenepa vibaya. Alipopanda ngazi mbili za baraza alisimama katikati, akahema kama mtu aliyebeba gunia. Renatus alimkalia kama kigoda, naye Bosi wala hakuinuka. Shamsia, mke wa Hasani, akasema, "Jina limemfaa, kitambi kimefika kabla ya cheo." Nilicheka nao. Njiani kurudi sikucheka.

Nimemuuliza bwana mifugo wa huku. Anasema mbwa wa hivyo moyo unachoka, magoti yanakufa, na hamalizi mwaka. Yule ndiye kiumbe pekee aliyebaki katika vitu vya Mama. Sitaki afe kwa kupendwa.

Basi nisikilize. Apewe asubuhi na jioni, kikombe kimoja cha bati, na kwisha. Samli asiguse. Ngozi za nyama za mnadani asiguse. Mtembeze kila siku hadi uwanja wa mnada, taratibu, akichoka mpumzishe. Na usimlishe kwa mkono kutoka sahani yako, Baba, nilikuona. Bwana mifugo anasema mkono ndio unaojua: ukiupitisha ubavuni uzisikie mbavu bila kuzitafuta, lakini usizione kwa macho.

Ndani ya mfuko wa unga nimeweka kamba. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba dalali wa ng'ombe akikosa mizani anazungusha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, anapiga fundo, na fundo linasema kilo. Nilimpima Bosi ulipokuwa kanisani. Fundo lenye uzi mwekundu ndipo alipo. Fundo lenye uzi mweupe ndipo anapotakiwa kufika. Kila akipungua, piga fundo jipya, unirudishie kamba nione, nami nitakurudishia.

Hasani amebeba unga debe moja, maharage na chupa ya samli. Samli ni ya kwako.

Mwanao,
Marieta


Jorodom, Katesh
2 Februari 2025

Marieta mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara mbili, moja ni ya Angela, maana yeye bado hajui kusema. Mimi mzima, kifua ni kile kile, tumezoeana. Mzigo nimeupokea wote.

Barua yako nimeisoma mbele ya Bosi akainamisha kichwa. Umetuandikia kama daktari. Miaka thelathini nimesimama mnadani, nikimtazama dume nikisema kilo mia mbili na kumi, mizani inakubali. Leo mtoto niliyemfundisha kamba ananifunga nayo. Sawa, nimefungwa.

Ila jua hili. Mbwa wa baba yangu walikuwa mifupa inayotembea, walikula maganda na mateke. Nilidhani ukimwona Bosi utafurahi kwamba umaskini umepungua hadi kwa mbwa.

Jana tulitoka. Alifika kwa fundi baiskeli akalala katikati ya njia, watoto wakapiga makofi. Mzee Tadeo akanipigia kelele sikioni, "Sulle, huyo unampeleka mnadani? Unauza kwa kilo au kwa kichwa?" Nikamwambia huyu hauzwi. Mnadani kwenyewe siku hizi nakwenda kutazama tu. Dalali asiyesikia bei ni mtazamaji.

Hilo la kutompa kutoka sahani yangu ni gumu. Ananitazama. Hujui anavyonitazama.

Baba yako,
Sulle


Nambis
16 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Angela ana homa ya meno, naandika amelala begani, samahani kwa mwandiko. Wewe kifua vipi?

Kamba imerudi kama ilivyoondoka. Na Hasani ameniambia ulipokuja dukani kuchukua mzigo ulinunua maandazi mawili, moja likaenda chini ya benchi. Baba jamani.

Nimefikiria nikaona njia ni moja. Mtu mmoja hamalizi debe la unga kwa wiki mbili. Kinachozidi kwako ndicho kinachomnenepesha Bosi. Kwa hiyo mara hii nimekupimia kopo la sado mara tatu tu, zaidi kidogo ya nusu debe, na samli sijaweka. Kisichokuwepo hakiwezi kulishwa. Ndivyo ninavyomfanyia Renatus na sukari. Siifichi, siinunui. Alilia siku mbili akaacha.

Usinikasirikie. Mtu lazima awe mkali, na kwa vile Mama hayupo, nimekuwa mimi.

Mwanao,
Marieta


Jorodom
9 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto wa homa ya meno mpe kijiko cha baridi aume. Mama yako alikufanyia hivyo.

Kamba hiyo hapo. Utaona fundo jipya, vidole vitatu ndani ya lile jekundu. Nimelipiga mimi mwenyewe, kwa mkono usiotetemeka. Sijawahi kupiga fundo la uongo maisha yangu, hata kwa ng'ombe wa jirani niliyemchukia.

Unga umetosha.

Baba yako


Nambis
23 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo! Tena shikamoo ya kupiga goti kabisa. Homa ya Angela imekwisha, kijiko kimesaidia.

Vidole vitatu! Nilimwonyesha Modest, nikamwonyesha mama mkwe, nikaifunga kamba kwenye kitenge nikaenda nayo hadi kwa bwana mifugo. Akasema, "Huyo mzee wako ana msimamo, wengi huwa wanashindwa." Nikajisikia kama nimefaulu mtihani. Baba, huku siku zangu ni kunyonyesha, kung'oa vitunguu, kushona viraka vya watu, kulala nimekaa. Hakuna anayeniambia umefanya vizuri. Kamba hiyo iliniambia.

Hasani anasema siku hizi Bosi unamwacha nyumbani ukija dukani, asije akaombaomba. Hiyo ni akili. Anasema wewe u mzima, umevaa lile koti lako kubwa.

Sasa tusilegee. Nimepunguza tena, ni sado mbili, na maharage nusu. Tukienda hivi, kabla ya mavuno tutakuwa kwenye fundo jeupe. Akifika nitakuja mwenyewe na samli ya kwako peke yako, tule.

Mwanao mwenye furaha,
Marieta


Jorodom
20 Aprili 2025, Pasaka

Marieta mwanangu,

Marahaba, na Pasaka njema kwenu. Misa ilikuwa ndefu, niliondoka kabla ya mwisho nikakae kidogo.

Nimepiga fundo lingine. Vidole vinne zaidi. Tunakaribia unapotaka.

Nina ombi la fundi cherehani. Nimempa Hasani suruali zangu mbili, ya kanisani na ya kazi, unipunguzie kiunoni. Sabuni za siku hizi zinalegeza nguo. Nimechoma pini pale zinapotakiwa kufika. Si haraka, nimebaki na moja ya zamani, na mkanda wa katani unaishikilia.

Usije kwa sasa. Njia ina utelezi, na mtoto yuko mgongoni.

Baba yako


Nambis
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Sijui kama uko mzima, kwa hiyo siulizi kwa mazoea, nauliza kwa kutaka kujua.

Jumatano niliweka suruali yako ya kanisani kwenye cherehani. Angela alikuwa ameitafuna futi yangu ya kupimia, namba zimefutika, nikasema acha nitumie kamba ya Bosi, si ipo hapa. Nikaizungusha kiunoni mwa suruali hadi kwenye pini. Fundo lako la Pasaka likakaa juu ya pini. Si karibu na pini. Juu yake.

Nikasema ni bahati. Nikachukua ya kazi. Likakaa juu ya pini. Halafu nikatazama pale mkanda wako wa zamani ulipokwangua kitambaa, nikaweka fundo la kwanza, lile la Machi, lile nililozunguka nalo kijijini ndani ya kitenge. Likakaa hapo hapo.

Baba, ulijipima wewe.

Miezi miwili nimemshukuru Mungu kwa nyama iliyokuwa inatoka mwilini mwako. Nilichukua mafanikio yako nikaenda kwa bwana mifugo kujisifu. Na kila nilipofurahi nilipunguza sado. Unajua sasa umebakiza vidole vingapi kufika kwenye fundo jeupe? Viwili. Fundo nililompigia mbwa.

Kwa nini? Ungesema "unga hautoshi" ningeuza cherehani. Ungesema "nampa Bosi, siwezi kuacha" ningekugombeza tu, si ndiyo kazi yangu? Umeniacha nikunyime chakula kwa mkono wangu mwenyewe na kuniambia "umetosha."

Hasani amebeba debe zima, samli, na kuku wawili. Nijibu. Usiponijibu nakuja hata kwa utelezi.

Marieta


Jorodom
18 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Usiuze cherehani.

Kamba sikuidanganya. Niliifunga kwenye mwili, nikapiga fundo pale mwili ulipoishia. Hukuuliza ni mwili wa nani. Najua hilo ni neno la dalali, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata padre. Asubuhi ile ya tope, mwaka juzi, ilikuwa Jumapili. Mama yako alikuwa anapasha chai tuwahi misa. Bosi alianza kubweka mlangoni, hanyamazi. Mama yako akasema, "Mwache, ana njaa tu, nitampa." Mimi nikasema mbwa wa kubweka alfajiri hapewi kitu. Nikatoka na fimbo nimnyamazishe. Akakimbia kupanda njia ya kanisa, nikamfuata huku natukana. Nilipomfikia nilimpiga mgongoni, mara moja, kwa nguvu. Ndipo nikasikia mngurumo nyuma yangu, na tangu hapo sijasikia vizuri kitu kingine. Nilipogeuka, mahali pa nyumba palikuwa tope na mawe.

Watu wote wanasema mbwa alimwokoa Mzee Sulle. Habari ya fimbo haijui mtu. Habari ya kumnyima haijui mtu. Wakati natafuta kwa mikono yeye alikuwa pembeni yangu anatafuta. Nilimwambia siku ile kwamba hatanyimwa tena na mkono huu.

Ulipopunguza unga alikula kwanza yeye, mimi nikala kilichobaki. Siyo kosa lako. Ulipiga hesabu ya mtu mwenye akili zake.

Usije.

Baba yako


Nambis
22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo.

Nilikuja kama ulivyoniona, na nimeondoka kama ulivyoniona. Mbele ya watu sikukujibu, maana mtoto hamjibu mzazi barabarani. Sasa najibu kwenye karatasi, polepole, mtoto amelala.

Nilipokukumbatia nje ya mlango nilizihesabu mbavu zako juu ya koti. Bwana mifugo alisema zisikike bila kutafutwa. Za kwako zilinitafuta zenyewe. Nilikupikia uji wa maziwa na samli, ukaushika vizuri, ukasema, "Mtamu kama wa mama yako," nikageuka kumfunga Angela mgongoni, na nilipokutazama tena bakuli lilikuwa chini na Bosi ana maziwa puani. Mbele ya macho yangu, Baba. Na yeye mwenyewe alikuwa amelala ubavu, analamba bila kunyanyua kichwa kwa sababu hawezi kusimama. Debe lile jipya lilikuwa nusu. Kuku mmoja hakuwepo, na mifupa yake niliiona iko upande wa Bosi, si wako.

Mlikuwa mnauana ndani ya chumba kimoja, mmoja kwa kula na mwingine kwa kutokula.

Nilikuambia twende wote Nambis. Ukasema huwezi kuliacha kaburi la Mama. Nilikuambia basi mpe kikombe kimoja mbele yangu tu, leo tu, nione. Ulikishika kikombe ukashindwa. Kilipokwisha ukakijaza tena. Hapo ndipo nilipotoka kumwita Hasani na gari.

Iliwachukua watu wawili kumnyanyua. Ulisimama barabarani na koti lako na ukasema, wote wakisikia: "Mama yako alichukuliwa na tope. Bosi amechukuliwa na wewe." Shamsia alishika mdomo. Mimi nilipanda gari.

Neno hilo limeingia na halitoki. Lakini hata kama ungelisema mara kumi ningempandisha. Mtu mmoja katika familia hii lazima akubali kuonekana mbaya, na mimi nimechoka kiasi kwamba sioni tofauti.

Kuhusu fimbo. Uliyempiga alishakusamehe zamani, ulipokuwa bado unachimba, na alikusamehe bila samli. Ukitaka kulipa, usilipe kwa mwili wake.

Na mimi unisamehe zile sado. Nazipima tena kila nikishika unga, moja, mbili, tatu.

Shamsia atakuletea chakula kilichopikwa, mchana na jioni. Nimemwomba asiondoke mpaka sahani iwe tupu. Usimfukuze, na usimwambie umeshiba. Kamba nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wako. Sasa ni ya kwako kweli.

Mwanao,
Marieta


Nambis
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Hasani anarudi mikono mitupu. Anasema unapokea barua, unaitia mfuko wa koti, unamshukuru yeye, hunitaji. Shamsia anasema wiki ya kwanza sahani ilirudi na chakula chote, wiki ya pili nusu. Anakaa nayo hapo na kazi yake ya kusuka mkeka. Alikuambia, "Mzee, mimi sina haraka, mkeka huu ni wa futi sita." Anasema ulikaribia kucheka.

Bosi siku tatu hakula kitu. Sasa anakula kikombe chake. Anatembea hadi kisimani nami asubuhi, na kurudi. Renatus hamkalii tena, nimemkataza.

Marieta


Nambis
17 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Angela amesimama mwenyewe, akishika masikio ya Bosi.

Hii ni ya tatu bila jibu. Siandiki kukulaumu. Naandika kwa sababu Hasani anakuja, na akija nikawa sina kitu cha kumpa, itakuwa kama nimekubali.

Marieta


Nambis
14 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo.

Leo Hasani amenipa kifurushi cha gazeti kimefungwa kwa mkonge. Nilijua kufunga huko ni kwako. Nilikaa chini kabla ya kukifungua. Nikatafuta barua. Nikaligeuza gazeti pande zote, nikasoma hata matangazo. Hakuna neno. Ni kamba tu.

Niliinyoosha juu ya cherehani. Fundo jekundu la Bosi wa zamani. Fundo lako la Machi. La Pasaka. Jeupe. Halafu lipo jipya, limekazwa vizuri, halitetemeki, na haliko upande wa jeupe. Limerudi nyuma, vidole viwili kutoka Pasaka kuelekea Machi.

Nilichukua suruali ya kazi. Nilikuwa sijaipunguza, Baba. Pini bado ilikuwa mahali pake, imeshika kutu kidogo. Nikaweka kamba. Fundo jipya limepita pini vidole viwili. Nikaing'oa pini.

Wewe hujawahi kupiga fundo la uongo. Kwa hiyo sihitaji barua. Nimesoma.

Bosi naye amefika. Bwana mifugo alipitisha mkono jana, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia sasa nimrudishe kwa mwenyewe. Nilimwambia hapana. Nadhani wewe unajua kwa nini, na nadhani ndiyo maana hukuandika kumdai. Ukimwona atakutazama, na utakijaza kikombe. Atakaa huku. Jioni akimaliza kula anakwenda kwenye ukingo wa shamba, pale unapoiona njia inayoshuka Dongobesh kuja huko kwenu, anakaa hapo mpaka giza. Simwiti. Analala akiwa mwepesi na mwenye huzuni, na kati ya hayo mawili nimeweza kumpa moja tu.

Suruali zako nakurudishia kama zilivyokuja, kiuno kile kile. Unga ni debe zima. Angela ameanza kusema. Anasema "mama," anasema "Bosi," na juzi nilimfundisha "shikamoo babu," akaitoa nusu: "moo." Nakutumia hiyo nusu yake pamoja na ya kwangu nzima. Marahaba zote mbili zikae tu hapo mfukoni mwa koti. Mimi nitaendelea kuzituma shikamoo kila Hasani akija, pamoja na unga, na kamba nairudisha.

Ni mimi, mwanao niliyekuchukulia mbwa,
Marieta